Je, Mawe ya Kit Mikayi Yaliletwa na Barafu? Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Seme

Darasa la kidato cha tatu kutoka shule moja ya Nakuru lilipelekwa Seme, kaunti ya Kisumu, kuyaona mawe ya Kit Mikayi, rundo la graniti lenye urefu wa takriban mita 40 lililo kilomita 30 hivi magharibi mwa jiji la Kisumu, kando kidogo ya barabara iendayo Bondo. Wanafunzi hao walikuwa wametoka kusoma mada ya barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka polepole mlimani, na kabla ya hapo walikuwa wamesoma namna miamba inavyochakaa. Ripoti walizoandika baada ya ziara zilitofautiana. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba mawe yale yalibebwa na barafu kutoka mbali, kisha yakaachwa hapo ilipoyeyuka. Kundi la pili lilisema yalipasuliwa na jua la mchana na baridi ya usiku. Kundi la tatu liliamua kwamba ni mabaki ya volkeno. Mwalimu wao alinitumia ripoti zote tatu akiniomba nizipime, na uchambuzi huu ndio jibu langu kwake na kwa walimu wengine wanaopeleka wanafunzi mahali hapo.

Wenyeji wa Seme wana simulizi yao kuhusu mawe hayo, na mahali penyewe ni pa maombi hadi leo. Mambo hayo yana heshima yake na siyagusi hapa. Ninachopima ni hoja za kijiografia peke yake.

Hoja ya volkeno ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa hiyo nitaimaliza kwanza. Mtoto aliyelelewa Nakuru, ambaye kila asubuhi huiona Menengai upande wa kaskazini wa mji, huelekea kudhani kwamba kila mwamba mkubwa ulitoka tumboni mwa dunia ukiwa moto na kumwagika juu ya ardhi. Graniti nayo ilitokana na miamba iliyoyeyuka, lakini haikumwagika. Ilipoa kilomita kadhaa chini ya ardhi, polepole mno, ndiyo maana punje zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu: feldispari, kwatzi inayong'aa kama kioo kilichovunjika, na mika nyeusi. Lava hupoa haraka na punje zake huwa ndogo sana, kama unavyoona katika miamba ya uwanda wa Nyabondo, upande wa pili wa ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulioingia Kenya. Graniti za magharibi mwa Kenya zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilhali volkeno za Bonde la Ufa, hata zile kongwe, zinahesabiwa kwa makumi ya mamilioni tu.

Hoja ya barafu inastahili kusikilizwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa aliyeitoa alifikiri vizuri kuliko inavyoonekana. Aliona jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe jingine, mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu wala nguvu ya maji inayoweza kulipandisha, akakumbuka picha za mawe yaliyoachwa nyanda za Kanada na Ulaya ya Kaskazini, akaunganisha. Katika jimbo la Alberta, nchini Kanada, karibu na mji wa Okotoks, kuna jiwe la namna hiyo lenye uzito wa takriban tani 16,500, lililobebwa juu ya barafu kutoka milima ya Rocky na kuachwa peke yake katikati ya uwanda. Kwa mtazamo wa mbali, jiwe la Okotoks na jiwe la Seme wanaweza kuwa ndugu.

Lakini kinachothibitisha kwamba jiwe la Okotoks lilihamishwa ni ugeni wake, wala si ukubwa wake wala upweke wake. Lenyewe ni kwatzaiti, yaani mwamba mgumu uliojaa kwatzi, na ardhi iliyo chini yake ni mwamba wa aina nyingine kabisa. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwanafunzi angepaswa kuuliza Seme: je, jiwe la juu ni la ukoo mmoja na mwamba wa chini? Ukiinama pale Kit Mikayi ukautazama mwamba unaokanyaga, kisha ukainuka ukatazama ubavu wa jiwe lililo usawa wa uso wako, utakuta punje zile zile, za ukubwa ule ule, zikiwa zimeshikana kwa namna ile ile. Tena ukifuata ufa kwa macho kutoka chini kwenda juu, utaona ukipita katikati ya jiwe moja na kuendelea katika jingine bila kuhama upande. Mawe yaliyobebwa na kumwagwa hayawezi kupangana hivyo. Nyufa zake zingeelekea kila upande. Nyufa zilizonyooka kutoka jiwe hadi jiwe ni ushahidi kwamba mawe hayo yalikuwa mwamba mmoja na kwamba hayajawahi kuondoka mahali pake.

Ushahidi wa pili ni wa mwinuko. Afrika Mashariki ilikuwa na barafu nyingi zaidi zamani kuliko leo. Katika kilele cha enzi ya barafu ya mwisho, miaka 20,000 hivi iliyopita, barafuto za Mlima Kenya ziliteremka hadi mita 3,200 au 3,300 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Elgon, ambao sasa hauna barafu hata kidogo ingawa una urefu wa mita 4,321, ulikuwa na zake, zilizoacha mabonde mapana na kuta za moreni, yaani marundo ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu, katika sehemu za juu. Seme iko chini ya mita 1,500. Hakuna alama yoyote ya barafu kati ya Elgon na ziwa inayojaza pengo hilo la zaidi ya kilomita moja na nusu kwa wima. Mtu anaweza kujibu kwamba palikuwa na enzi nyingine ya barafu, ile ya miaka milioni 300 hivi iliyopita, Afrika ilipokuwa imeshikana na Antaktika na Amerika Kusini. Ni kweli ilikuwapo, lakini uso wa nchi wa wakati huo hauko tena hapa, umeshakwanguliwa, na jiwe lolote lililowekwa juu yake lingekuwa limeondoka nao.

Hapa naomba nitoe tahadhari kwa walimu, kwa sababu katika majibu mengi ya wanafunzi nimeona hoja moja dhaifu ikitumiwa kana kwamba ni ya mwisho: kwamba barafu haikupita kwa kuwa mwamba hauna mng'ao wala michirizo ambayo barafu inayoteleza huiacha ikiukwangua. Huko Scotland, katika milima ya Cairngorm, kuna marundo ya graniti yanayofanana sana na yale ya Seme na ya vilima vya Maragoli, kaskazini mwa Kisumu, nayo yalifunikwa na barafu nene zaidi ya mara moja bila kuangushwa. Barafu iliyoyafunika ilikuwa baridi sana hata sehemu yake ya chini ikawa imegandamana na mwamba, ikakaa bila kuteleza, na barafu isiyoteleza haikwangui. Wanasayansi walilijua hilo kwa kupima chembe za berili na alumini zinazozalishwa ndani ya kwatzi na miali itokayo anga za juu, zikaonyesha kwamba mawe yale yamekaa juu ya ardhi kwa muda mrefu kuliko umri wa barafu ya mwisho. Kwa hiyo kukosekana kwa michirizo hakutoshi. Kinachotosha ni ukoo wa mwamba, mpangilio wa nyufa, mwinuko wa mahali, na jambo la nne nitakalolieleza baadaye kidogo.

Kabla ya hapo, tuione graniti pale ambapo barafu imepita kweli, ili tofauti ionekane. Katika bonde la Yosemite, jimbo la California nchini Marekani, barafuto zilikwangua kila kilichokuwa kimelegea, zikaacha mwamba mzima, mgumu, uliong'arishwa. Zilirudi nyuma miaka 15,000 hivi iliyopita, na katika nyanda za Tuolumne bado kuna vipande vya mwamba vinavyometameta juani kana kwamba viling'arishwa jana. Kuchakaa kulianza upya hapo, juu ya jiwe lililo wazi, kutoka nje kwenda ndani. Uzito wa miamba iliyokuwa juu umeondoka kwa mamilioni ya miaka, graniti iliyozoea kubanwa ikatanuka, ikajitenga katika tabaka zilizopinda kufuata umbo la kilima, mwanajiolojia G. K. Gilbert alikwisha kulieleza hilo mwaka 1904. Barafuto zilipokata kuta za bonde zikawa wima, kisha zikaondoka, tabaka hizo zilibaki bila kitu cha kuziegemeza, nazo huendelea kubambuka na kuanguka hadi leo. Mwaka 1996, mwezi wa Julai, kipande kikubwa cha graniti kiliporomoka mahali panapoitwa Happy Isles na kumuua mtu mmoja. Maji nayo huingia katika nyufa na kuganda wakati wa baridi, na kwa kuwa yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, husukuma mwamba mwaka baada ya mwaka mpaka uachane. Matokeo ya kazi yote hiyo ni kingo kali, kuta zilizokatika na lundo la mawe yenye pembe chini yake.

Mawe ya Seme ni ya mviringo. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mwanafunzi aliyeona picha za Yosemite.

Kundi la pili, lile la jua na baridi ya usiku, lilikuwa limenakili maelezo yanayorudiwa katika madaftari mengi. Mwaka 1936 mwanajiolojia David Griggs alikichukua kipande cha graniti akakipasha moto na kukipoza mara 89,400, idadi aliyoihesabu kuwa sawa na siku za miaka 244, kwa tofauti ya joto kubwa kuliko inayopatikana jangwani. Kikiwa kikavu, hakikuonyesha ufa wowote. Alipotumia maji katika kukipoza, uso wake ulianza kubadilika baada ya muda mfupi. Jaribio hilo halikufunga mjadala, kwani vipimo vya miaka ya karibuni huko Yosemite vimeonyesha kwamba tabaka jembamba la graniti lililokwisha kujitenga hufunguka na kujifunga kwa milimita kadhaa kila siku kwa sababu ya jua, na kwamba mwendo huo husaidia kuliangusha. Jua, basi, lina mchango wake pale ambapo ufa umekwisha kuwapo. Wavunja kokoto wa vilima vya magharibi wanalijua hilo kwa mikono yao: mtu huwasha moto mkali juu ya jiwe, akaukoleza kwa saa nyingi, mpaka ganda la juu linapiga mlio na kuinuka, ndipo nyundo inapopata pa kuingilia. Lakini moto ule una joto la mamia ya digrii. Jua la Kisumu haliwezi kulifanyia jiwe zima hivyo, na usiku wa hapo, hata mwezi wa Julai, haukaribii kuganda.

Sasa nije kwenye jambo la nne, ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Ili kulielewa, mwalimu asiishie Kit Mikayi. Awapeleke wanafunzi mahali ambapo barabara au machimbo yamekata kilima cha graniti, na vilima vya Maragoli na Bunyore vina sehemu kama hizo. Katika ukingo uliokatwa utaona udongo mwekundu juu, chini yake tabaka la kitu ambacho kwa macho ni mwamba lakini kwa mkono ni changarawe. Kikune kwa kucha: punje za kwatzi hudondoka zikiwa nzima na ngumu, wakati feldispari iliyokuwa imezishikilia imegeuka unga mweupe laini unaoteleza ukiulowesha, yaani udongo wa mfinyanzi. Nyufa za zamani bado zinaonekana zikipita katika mwamba huo uliooza. Na katikati, yakiwa yamezungukwa na changarawe pande zote kama mbegu ndani ya tunda, kuna mawe ya mviringo, mazima, yanayolia yakigongwa. Mawe hayo hayajawahi kuona jua, wala mvua haijawahi kuyapiga moja kwa moja. Umbo lake lilitengenezwa chini ya ardhi.

Kilichoyatengeneza ni maji ya mvua yanayochujika kupitia udongo. Yakipita kati ya mizizi na majani yaliyooza hubeba gesi ya kaboni na kuwa asidi hafifu, kisha huteremka kwa njia iliyo rahisi, nazo ni nyufa. Graniti hupasuliwa na nyufa za wima na za kulala, zikaigawa katika mapande ya mstatili. Ubavu wa pande hushambuliwa na maji kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na pembe kutoka pande tatu, kwa hiyo pembe huoza kwanza, halafu kingo, na kinachobaki ndani ni mviringo. Kasi ya mmenyuko wa namna hiyo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa digrii 10, na katika nchi yenye wastani wa digrii 23 na mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kazi hiyo haisimami majira yoyote. Pale ambapo nyufa zimekaribiana, mwamba wote huoza usibaki kitu. Pale zilipo mbali, hubaki viini vikubwa kama vya Kit Mikayi. Ndiyo sababu kilima kimoja kina mawe makubwa kama nyumba na kijiji cha pili kina udongo mtupu, ilhali graniti ni ile ile. Wavunja kokoto huutofautisha mwamba mzima na uliooza kwa mlio wa nyundo tu, na wachimba mchanga wa mitoni, bila kuliita jambo hilo kwa jina lolote la kitabuni, wanauza ile kwatzi iliyoachwa feldispari ilipooza.

Mwaka 1955 mwanajiografia David Linton aliandika juu ya marundo ya graniti ya Dartmoor, Uingereza, akipendekeza hatua mbili: kwanza mwamba huoza chini ya ardhi kufuata nyufa, kisha kilichooza huondolewa na viini hubaki vimesimama. Wenzake walimpinga, wakidai kwamba baridi kali ya enzi ya barafu inaweza kutengeneza marundo hayo juu ya ardhi bila uozo wa kina, na kwa Dartmoor ubishi huo ulikuwa na uzito. Kwa Seme hauna. Hapa hapajawahi kuwa na baridi ya kugandisha ardhi katika wakati unaohusika, na viini ambavyo havijafukuliwa bado vinaonekana katika kingo za barabara, vikiwa katika kila hatua ya safari kutoka pande la mstatili hadi jiwe la mviringo.

Jiwe likishatokeza juu ya ardhi, kuchakaa kwake hupungua sana, kwa sababu maji huteleza na kuondoka badala ya kukaa. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa kudhani kwamba mvua inayoonekana ikilipiga jiwe ndiyo iliyolichonga. Kinachoendelea juu ni kazi ndogo ndogo: ganda linalobambuka, kuvu na mimea inayopenya katika nyufa, na vishimo vya juu vinavyoshika maji na kujipanua taratibu. Mwamba wa Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ambao watu huuita jiwe linalolia, unalionyesha hilo vizuri: maji yaliyokusanyika katika shimo la juu hufurika na kuteremka ubavuni, yakiacha mkondo mweusi unaoonekana ukiwa barabarani.

Kwa hiyo barafu ya kaskazini na mvua ya magharibi mwa Kenya zimefanya kazi moja inayofanana na nyingine inayotofautiana. Zote mbili ni waondoaji wa mwamba uliooza. Barafuto yenye kuteleza huondoa kila kitu kwa pamoja, viini na changarawe, ikaacha mwamba mzima ambao lazima uanze kuchakaa upya, na ndiyo maana nchi zilizotoka kwenye barafu zina udongo wa maelfu ya miaka tu. Mvua na vijito huondoa chembe laini na kuviacha viini mahali pake. Kule kufunguka kwa tawi la Nyanza la Bonde la Ufa, lililoinua kingo na kuishusha ardhi ya ghuba, kuliipa mito ya hapa mteremko wa kuisaidia kazi hiyo.

Swali la mwisho katika ripoti za wanafunzi lilikuwa la umri, na linaweza kujibiwa kwa hesabu ya makadirio. Ikiwa kiini cha juu kabisa kiliundwa chini ya ardhi, basi uso wa nchi ulikuwa wakati fulani juu ya kilele cha rundo, na takriban mita 40 za mwamba uliooza zimeondolewa kuzunguka. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba ardhi ilishuka kwa mita 20 kila miaka milioni, kazi hiyo ilihitaji miaka milioni 2. Ikiwa ilishuka polepole zaidi, muda unaongezeka. Ziwa Victoria lenyewe hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo vilele vya Kit Mikayi vilianza kutokeza kabla ya ziwa kuwapo. Na tangu barafu ya Elgon ilipokuwa katika upeo wake, miaka 20,000 iliyopita, ardhi ya Seme kwa kasi hiyo hiyo imeshuka kwa sentimita 40 tu.

Enzi ya barafu, hata hivyo, ilifika Seme kwa namna nyingine. Hali ya hewa ya ikweta ilikuwa baridi zaidi kwa digrii kadhaa na kavu mno, kiasi kwamba Ziwa Victoria lilikauka kabisa kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Mvua ilipopungua, uozo wa chini ya ardhi nao ulipungua, kwa kuwa hauendi bila maji. Kundi la kwanza likitaka kuitaja barafu katika ripoti yake iliyosahihishwa, hapo ndipo mahali halali pa kuitaja: wakati barafuto za Elgon zilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote wa karibuni, mawe ya Kit Mikayi yalikuwa yamekwisha kusimama karibu kama yalivyo leo, na kazi iliyoyaumba ilikuwa imepunguzwa mwendo kwa ukame.